Mji Wenye Akili ni Mali ya Nani?

Katika miaka ya karibuni yamezuka maneno mapya katika mazungumzo ya maendeleo ya miji. Tunaambiwa kwamba miji yetu haina budi iwe "miji yenye akili", au kama wengine wanavyopenda kusema, "miji janja". Maneno haya yanatajwa katika semina, katika mipango ya halmashauri na katika matangazo ya makampuni yanayouza kompyuta, kamera na mitambo ya kuongoza magari. Maelezo yake ni matamu. Taa zitajiwasha, takataka zitaondoka, foleni za magari zitakwisha, na kila mkazi atahudumiwa kwa simu yake. Jambo hili linahusu mamilioni ya wananchi, na fedha zitakazotumika ni za wananchi hao hao. Kwa hiyo si sahihi liachiwe wataalamu na wauzaji peke yao. Ni jambo la siasa, na ndivyo tunavyokusudia kulichambua.

Tuanze na maneno yenyewe, maana maneno hubeba msimamo. Katika Kiswahili mtu mwenye akili ni mmoja, na mjanja ni mwingine. Mwenye akili huona mbali na hushauriana na wenzake. Mjanja hupata chake kwa kumzidi mwenzake, na mara nyingi kwa jasho la mwenzake. Mji unaweza kuwa janja sana, yaani ukamhesabu kila mpita njia, ukamtoza kila dereva na kujua kila mkazi amenunua nini, na bado usiwe na akili hata chembe. Tena tukumbuke kwamba wakazi wa Dar es Salaam waliupa mji wao jina la Bongo zamani, kabla ya makampuni hayo kufika. Maana yake ilikuwa kwamba mtu hawezi kuishi pale bila kutumia ubongo wake. Akili ya mji ilikwisha kuwapo, nayo ilikuwa vichwani mwa watu.

Hoja yetu ni hii. Teknolojia haina akili yake yenyewe. Huchukua tabia ya mahusiano ya watu wanaoimiliki na kuitumia. Chombo kimoja kinaweza kumkomboa mkazi wa mji au kumtawala, kutegemea ni nani aliyeamua kiwekwe, ni nani anayekielewa, na ni nani anayekilipia. Mji unakuwa mahali pazuri pa kuishi pale ambapo maarifa na mamlaka juu ya vyombo hivyo yako mikononi mwa wakazi wenyewe.

ELIMU MIKONONI MWA MTAWALA

Wapo watakaosema kwamba sayansi ni sayansi tu, na kwamba haifai kuichanganya na siasa. Historia ya Dar es Salaam inawajibu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza katika miaka ya 1920, mji uligawanywa katika maeneo matatu kwa kanuni za ujenzi. Eneo moja liliwekewa masharti ya nyumba za Kizungu, la pili likawa la biashara na makazi ya Wahindi, na la tatu likawa la Waafrika. Ndiyo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini ya mazungumzo yetu ya kila siku. Kati ya mji wa biashara na Kariakoo pakaachwa uwanja wazi, ambao leo tunauita Mnazi Mmoja.

Mgawanyo huo ulitetewa kwa lugha ya sayansi. Ilisemwa kwamba ni lazima kutenganisha watu kwa ajili ya afya na kuzuia malaria na magonjwa mengine. Elimu kuhusu mbu na maji machafu ilikuwa ni elimu ya kweli. Lakini haikutumika kupeleka mabomba na mifereji Kariakoo kwanza, mahali penye watu wengi. Ilitumika kumweka mtawala mbali na mtawaliwa. Elimu ya kweli, ikiwa mikononi mwa tabaka linalonyonya, ilizaa ukuta.

Ukuta huo haukuondoka pamoja na bendera ya mkoloni. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika jiji la Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya watu hao wanaishi katika maeneo ambayo hayakupimwa, ambako nyumba zilitangulia na barabara, maji na mifereji vikafuata nyuma au havikufika. Mtu anapotuletea mpango wa mji wenye akili, swali la kwanza ni kama mpango huo unawaona watu hawa.

MJI WA KUCHORWA

Mifano inayosifiwa sana mara nyingi haiwaoni. Songdo, katika Korea ya Kusini, ulijengwa juu ya ardhi iliyopatikana kwa kufukia bahari, na takataka za majumbani husafirishwa kwa mabomba yanayozivuta chini ya ardhi. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na hatuidharau. Lakini mji ule ulianza na eneo ambalo halikuwa na mtu. Hapakuwa na Manzese wala Vingunguti ndani yake. Mpangaji anayeanza na karatasi tupu hujifunza kupanga vitu. Hajifunzi kupanga pamoja na watu.

Huko Toronto, Kanada, kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu wa Google, ilitangaza mwaka 2017 kwamba itajenga mtaa wa kisasa kando ya ziwa, wenye vifaa vya kupima kila kitu. Wananchi waliuliza swali rahisi: taarifa zitakazokusanywa kuhusu maisha yetu zitakuwa mali ya nani? Mabishano yaliendelea kwa muda mrefu. Mwezi Mei 2020 kampuni hiyo ilijitoa, ikitoa sababu ya mashaka ya uchumi wakati wa ugonjwa wa Uviko. Hata katika nchi tajiri, wakazi waliona kwamba zawadi ya kampuni ya kibepari ina bei, na kwamba bei yenyewe ni wao.

Na sisi tumepata kuonja ugonjwa wa mji wa kuchorwa. Mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni ulitangazwa mwaka 2008 pamoja na michoro ya maghorofa yanayong'aa. Mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa, lakini michoro ile ilikuwa na nguvu ya kutosha kuwafanya wakazi wa pale waishi miaka mingi bila kujua kama wajenge au wasubiri fidia. Picha ya mji ambao haupo ilisimamisha maisha ya mji uliopo. Huo si mpango. Huko ni kuwatawala watu kwa ndoto ya mtu mwingine.

BARABARA NA BONDE

Isidhaniwe kwamba tunapinga mashine. Kupinga mashine ni kumtetea mwenye nacho, ambaye anaweza kuishi vizuri mjini kwa gari lake na kisima chake. Anayehitaji huduma ya pamoja ni mfanyakazi na mchuuzi. Kwa ajili hiyo mabasi ya mwendo wa haraka ya Dar es Salaam ni mfano mzuri wa kuchambuliwa, kwa kuwa yana mema na mabaya yake waziwazi.

Fikra ya kuyapa mabasi njia zao peke yao haikutoka kwa makampuni makubwa ya Ulaya. Ilipata sura yake katika Curitiba, nchini Brazili, mwaka 1974. Ni ubunifu wa Dunia ya Tatu, uliozaliwa kutokana na uhaba wa fedha za kujenga reli chini ya ardhi. Mwaka huo huo wa 1974 ndipo Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilipoanzishwa. Shirika hilo lilielemewa na mji uliokua kuliko mabasi yake, na mwaka 1983 magari ya watu binafsi, yaani daladala, yakaruhusiwa rasmi. Kwa zaidi ya miaka 30 usafiri wa wananchi ukaachwa kwa kila mwenye gari na kila utingo.

Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kazi katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, katika mtandao wa kilomita 21 hivi. Mfanyakazi wa Kimara ambaye alikuwa akipoteza masaa barabarani akarudishiwa sehemu ya siku yake. Muda huo ni mali, na kumrudishia mfanyakazi muda wake ni jambo la kimapinduzi hata kama halitajwi hivyo. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Lakini tazama upande wa pili. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 mjini Dar es Salaam. Serikali ikawaambia wakazi wa bonde la Msimbazi kwamba bonde si mahali pa kuishi, na waathirika wengi wakapewa viwanja Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba zilizobaki bondeni zilichorwa alama nyekundu na nyingi zikabomolewa. Na karakana kuu ya mabasi mapya, yenye thamani isiyolinganishwa na ile ya vibanda vilivyovunjwa, ilikuwa imejengwa wapi? Jangwani, katika bonde lile lile. Mwezi Aprili 2018 maji yaliingia karakanani, mabasi kadhaa yakaharibika, na huduma ikasimama. Kila masika yakiwa makubwa, njia ya Jangwani hufungwa.

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mama lishe wa Jangwani alijua maji hufika wapi. Alijua bila kompyuta, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuhamisha vyombo vyake juu ya meza mara nyingi. Serikali nayo ilijua, kwa kuwa ndiyo iliyomwambia ahame. Ujuzi ulikuwapo juu na chini, lakini haukuwa na mamlaka mbele ya mchoro uliokwisha kupitishwa. Mkazi alikuwa ni mtu wa kuondolewa, hakuwa mtu wa kuulizwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi za mradi huo ni kuinua daraja la Jangwani na kuihamisha karakana. Awamu ya kwanza ya mabasi nayo ilijengwa kwa mkopo wa benki hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, tumekopa kujenga, na tumekopa tena kurekebisha.

Ni nani atalipa? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitahadharisha mapema kwamba mikopo mingi hutumika mijini, lakini hulipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na jasho la mkulima, na kwa njia hiyo mji unaweza kuwa mnyonyaji wa shamba. Leo zimeongezeka dhahabu na watalii katika mapato yetu, lakini hoja haijafa. Mkulima wa korosho wa Tandahimba hajapanda basi la Kimara. Ana haki ya kutaka kwamba fedha inayokopwa kwa jina lake isijengwe mtoni.

AKILI ILIYOKO MITAANI

Je, iko njia nyingine? Iko, na si ngeni. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow aliweka alama za vifo kwenye ramani na kuona kwamba vimezunguka pampu moja ya maji. Jambo linalosahauliwa ni kwamba ramani yake ilipata nguvu kwa sababu ya kwenda nyumba kwa nyumba, na kwamba kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, aliyezifahamu familia zile kwa majina, ndiye aliyesaidia kukamilisha uchunguzi. Sayansi ilikutana na mtu anayewajua watu.

Nasi tumeona jambo la namna hiyo. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi walichora ramani ya Tandale, mtaa ambao katika ramani nyingi ulikuwa kama doa tupu. Mwaka 2015, mwaka ambao kipindupindu kilizuka tena Dar es Salaam, ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walipita mitaani pamoja na wakazi, wakatumia simu, vipimo vya satelaiti na picha za ndege zisizo na rubani, wakaweka katika ramani mifereji, vichochoro, visima na mahali maji yanapotuama. Ramani hizo ziliwekwa wazi kwa kila mtu. Hapa teknolojia ya kisasa kabisa iliutumikia ujuzi wa mkazi. Kasoro yake ni kwamba mradi wa wafadhili una mwanzo na mwisho, na mfereji huziba kila mwaka. Ramani isipokuwa kazi ya kudumu ya serikali ya mtaa, itakuwa kumbukumbu ya mji uliokuwapo zamani.

Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walijenga mifereji ya mvua na barabara za mtaa wao kwa nguvukazi yao wenyewe na kwa kamati yao, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Katika mji wa Karachi, Pakistani, mradi wa Orangi ulioanzishwa na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980 uliwawezesha wakazi kulaza mabomba ya majitaka kichochoro kwa kichochoro, kwa fedha zao na kwa gharama ndogo sana kuliko ya makandarasi. Mafundi walifanya utafiti wa kurahisisha mifuniko na mashimo ya ukaguzi hadi mkazi wa kawaida akaweza kuyamudu. Huo ndio ubunifu. Kuvumbua kifuniko cha saruji ambacho mwananchi anaweza kukifyatua mwenyewe ni uvumbuzi sawa na kuvumbua kompyuta, na kwa mtoto wa Orangi ni mkubwa zaidi.

Na tusisahau kwamba vyombo vya uongozi wa wananchi navyo ni sehemu ya ufundi wa mji. Katika utaratibu wa Madaraka Mikoani wa miaka ya 1970 mabaraza ya miji yalivunjwa. Usafi ukazorota, kipindupindu kikaenea, na mwaka 1978 mabaraza yakarudishwa kwa sheria. Mji ulipokosa mdomo wake ulipoteza pia mifereji yake.

WAJIBU WA CHAMA

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliweka kipimo ambacho hakijachakaa: kitendo kinachowapa watu uwezo zaidi wa kuamua mambo yao wenyewe ni cha maendeleo, na kinachowapunguzia uwezo huo si cha maendeleo, hata kama kinawaongezea chakula. Tukiupima mji wenye akili kwa kipimo hicho, tunapata maswali ambayo kila kamati ya siasa na kila baraza la madiwani halina budi kuyauliza kabla ya kutia saini:

(i) Wakazi wa mahali pale waliulizwa kabla ya mchoro, au walionyeshwa mchoro uliokwisha?

(ii) Taarifa zitakazokusanywa zitakaa wapi, na ni nani atakayekuwa na ufunguo? Mwaka 2022 nchi yetu ilihesabu watu kwa vishikwambi na kuzipa nyumba anwani za makazi. Hii ni hazina ya umma. Ikitumika kujua mahali pa kuweka zahanati na bomba, ni chombo cha ukombozi. Ikigeuzwa kuwa bidhaa ya makampuni, au jicho la kumchungulia raia, inakuwa kinyume chake.

(iii) Chombo kikiharibika, ni nani mwenye ujuzi wa kukitengeneza? Mwezi Mei 2021 mfumo wa Luku ulipopata hitilafu kwa siku kadhaa, wananchi waliozoea kununua umeme kwa simu walijipanga foleni ndefu au walikaa gizani. Luku ni huduma nzuri, lakini hitilafu ile ilionyesha jinsi maisha ya mamilioni yanavyoweza kuning'inia katika mtambo ambao wenye kuuelewa ni wachache.

(iv) Ni nani anayelipa, na je, anayelipa ndiye anayefaidi?

Kwa upande wa Chama, tunayo silaha ambayo wauzaji wa mitambo hawana. Mfumo wa nyumba kumi kumi uliowekwa na TANU katika miaka ya 1960 ulimweka balozi karibu na kila mlango. Balozi alijua ni nani mgonjwa, ni nani mgeni, ni kisima gani kimeharibika. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 balozi ni kiongozi wa wanachama tu, na mkutano wa serikali ya mtaa ndio wa wakazi wote. Ni sawa iwe hivyo. Kwa hiyo kazi ya shina leo ni kuhakikisha kwamba mkutano wa mtaa unafanyika, kwamba ramani ya mtaa inaletwa mbele ya wakazi na kusahihishwa nao, na kwamba mtaalamu anayekuja na kompyuta anakaa kwenye benchi pamoja nao na kuwasikiliza. Balozi anayegeuza ujuzi wake wa majirani kuwa ushushushu anauua ujuzi huo, maana watu watamfungia mlango.

Kwa upande wa wataalamu wetu, tunao vijana wengi wenye elimu ya kompyuta, uhandisi na mipango miji. Wengi wao wamefunzwa kuona kwamba mafanikio ni kuajiriwa na kampuni inayouza, wala si na halmashauri inayohitaji. Halmashauri zinapaswa kuwaajiri, kuwalipa ipasavyo, na kuwapa kazi ya mitaani yenye heshima. Nchi inayokodi akili ya kuendesha miji yake itaendelea kukodi, na kodi hupanda.

Mji wa kuishi vizuri ni ule ambao mtoto hafi kwa maji machafu, mfanyakazi anafika nyumbani kabla watoto hawajalala, na mvua ikinyesha usiku mama haamki kupandisha vyombo mezani. Vyombo vya kutufikisha huko vipo, na vingine ni vya kisasa sana. Tuvipokee, tujifunze kuvitengeneza na tuviweke chini ya mamlaka ya wakazi. Na kabla ya mradi mwingine wowote kupitishwa katika bonde lolote la nchi hii, aulizwe kwanza anayejua maji hufika wapi.